Meno Yaliyoliwa kwa Nyuma

Wiki iliyopita mliniacha jikoni, bilauri imepasuka sakafuni, na binti wa marehemu mume wangu ameinamia sinki, kaziba mdomo kwa viganja viwili, analia kama aliyeungua.

Aliyechelewa kunisoma nimweleze kwa kifupi. Mume wangu alikuwa fundi umeme. Alianguka kutoka juu ya paa la ghala akiwa kazini, akakata roho kabla hajafikishwa hospitali. Aliniachia vyumba viwili na binti aliyemzaa na mke wake wa kwanza, ambaye naye alishatangulia zamani. Baba yake alimwita Kinda, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita mama mdogo. Ndugu wa mume waliniambia nirudi kwetu, nimwache mtoto. Niligoma. Hapo ndipo tulipofika.

Nilimshika mabega nikamgeuza.

"Umekatwa wapi? Nionyeshe!"

"Sijakatwa, mama mdogo. Ni maji."

"Maji yamefanya nini?"

"Ni ya baridi. Yameingia kwenye meno mpaka kichwani."

Nusura nicheke. Tangu msiba nilikuwa nikiogopa kila kikohozi chake. Kumbe ni meno! Na meno ndiyo kazi inayoniweka mjini.

Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno. Nachanganya dawa, nashika mpira wa kufyonza mate, nafuta machozi ya watu wazima wenye ndevu wanaoogopa sindano. Wagonjwa wananiita Mama Pamba. Daktari wangu wanamwita Mkono Mwepesi, ingawa mikono yenyewe ni mipana kama ya mbeba mizigo.

Kesho yake nilimpeleka Kinda kwa Mkono Mwepesi.

"Fungua kinywa kama unataka kuimba," daktari alisema. "Ila usiimbe."

Kinda alifungua. Daktari akampulizia upepo kidogo kwenye jino moja. Mtoto aliruka, kidogo amwangushe mtu wa watu.

"Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kujua linapouma. Sasa nimejua."

"Linang'olewa?"

"Nani kasema? Meno mazuri hivi nikuachie mapengo, utaolewa na nani?"

Kinda hakucheka. Alikuwa ameacha kucheka tangu siku tulipomzika baba yake.

Mkono Mwepesi akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Jino juu lina gamba gumu. Chini ya gamba kuna sehemu laini kidogo, yenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Vile vitundu vinakwenda hadi kwenye mshipa wa fahamu. Gamba lako limepungua, vitundu vimebaki wazi. Maji ya baridi yakigusa, mshipa unapiga yowe."

"Kwa hiyo mnaviziba?"

"Tunaviziba. Mama Pamba, niletee ile dawa ya madini."

Niliijua vizuri. Ni dawa nyeupe, nzito kama krimu. Ndani yake mna madini yale yale yaliyojenga jino, kalisi na fosfeti, pamoja na kioo cha aina yake kilichosagwa hadi kikawa unga usiokwaruza ulimi. Ikikutana na mate, madini yanaachia, yanaingia kwenye vitundu na kuganda humo.

"Kioo?" Kinda akanikodolea macho. "Mama mdogo, mnanilisha kioo?"

"Kimesagwa, mwanangu. Hata mtoto mchanga hakimdhuru."

Daktari akampaka jino kwa jino. Tukasubiri. Kisha nikampa maji kutoka kwenye jokofu la kliniki.

Aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Akanywa funda moja. Akanywa mpaka mwisho.

Halafu akatabasamu. Baba yake alikuwa na tabasamu lile lile, upande mmoja unatangulia. Nilijifanya naokota pamba chini ya kiti ili wasinione machozi.

Daktari aliniruhusu nichukue dawa nyingine ya kupaka nyumbani. Niliichota nikaitia kwenye kikopo cheupe cha kliniki, vile tunavyowekea pamba. Hakikuwa na maandishi yoyote. Kwangu hilo halikuwa jambo, kwa sababu mimi nilijua kilicho ndani.

Siku zile nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Kinda alikula chakula changu chote, wakati mwingine aliongeza. Akimaliza tu alikwenda bafuni kupiga mswaki. Kila mlo, mswaki. Nilimsifu mbele ya majirani.

"Huyu binti angalieni, mimi msaidizi wa daktari mwenyewe ananishinda!"

Majirani walimsifu pia. Kinda alitazama chini.

Lakini nguo zilianza kumpwaya. Sketi ya shule niliipunguza kiunoni, baada ya muda mfupi nikaipunguza tena. Nilijiambia anarefuka. Nilijiambia ni majonzi. Mtu akitaka la kujiambia hakosi.

Jumapili moja mlango uligongwa, akaingia wifi yangu, dada wa marehemu. Ni fundi cherehani, jicho lake limezoea vipimo. Ndiye aliyemlea Kinda kabla sijaolewa. Hakuwahi kunipenda, ila mtoto yule alimpenda kupita kiasi.

Alimtazama Kinda juu mpaka chini, akamshika mkono wa juu, vidole vyake vikakutana upande wa pili.

"Wifi," akasema taratibu, "huyu mtoto anakula?"

"Anakula kuliko mimi."

"Anakula? Basi kile chakula kinakwenda wapi?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe! Kaka yangu alikuachia binti, si mifupa!"

"Shangazi, acha," Kinda alisema kwa sauti ndogo. "Ninakula."

Wifi akafungua sufuria zangu moja moja. Zilikuwa na chakula. Hilo halikumtuliza. Aliondoka bila kuaga, na nilijua anakokwenda. Anakwenda kwa kaka yao mkubwa.

Juma lile lile, Kinda akaanza tena kujishika shavu.

Mkono Mwepesi hakufurahi kumwona. Dawa ile huwa inakaa. Watu wengi tuliowapaka hurudi kutushukuru, si kulalamika. Safari hii hakupuliza upepo. Alichukua kioo kidogo cha mkono, akatazama nyuma ya meno ya mbele, ule upande unaoguswa na ulimi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kinda, unapenda malimao?"

"Hapana."

"Soda?"

"Hapana, daktari."

"Tumbo linakusumbua? Kiungulia?"

Mtoto akatikisa kichwa. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Daktari akamwambia apumzike, kisha akanivuta chumba cha dawa na kurudisha mlango.

"Mama Pamba, umefanya kazi hapa muda wa kutosha. Niambie umeona nini."

"Sijaona kitu. Wewe ndiye uliyeshika kioo."

"Meno ya mbele yameliwa kwa nyuma. Mbele ni mazima. Asidi ya malimao au soda huanzia mbele. Hii inatoka chini. Inatoka tumboni."

"Ana vidonda vya tumbo?"

Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitisha.

"Huyu mtoto anajitapisha. Si mara moja moja. Tunaweza kumpaka madini kila juma, yatayeyuka yote. Tunaziba, yeye anazibua."

Nilikufa ganzi bila sindano.

Ule mswaki kila baada ya mlo. Bomba la maji bafuni lililokuwa likifunguliwa mpaka mwisho. Na mimi niliyekuwa nikimsifu kwa majirani!

Nilitaka kumwambia daktari amekosea. Badala yake nikaosha mikono, nikaikausha, nikaiosha tena.

Nyumbani nilimkuta anaanua nguo kwenye kamba uani. Nilichukua upande wa pili wa shuka, tukawa tunalikunja pamoja. Nilipomkaribia kuunganisha ncha, nikamwambia polepole:

"Daktari ameona nyuma ya meno yako."

Shuka likamponyoka.

"Ameona nini?"

"Kinda, mimi si polisi. Niambie tu."

Alikaa kwenye ukingo wa karo la kufulia. Nilidhani atakana. Hakukana.

"Siku ya msiba," alianza. "Baba alikuwa bado yuko ndani, kwenye jeneza. Watu walipika. Mimi nilikuwa na njaa, mama mdogo. Njaa ya ajabu. Nikala sahani nzima, nikaongeza. Mwanamke mmoja nisiyemjua akamwambia mwenzake, 'Mwone huyu, anakula kama vile si yeye aliyefiwa.'"

Nilitaka kumjua yule mwanamke. Mungu aliniepusha naye.

"Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Nikajisikia nafuu. Nikaona kama nimemrudishia baba heshima yake. Tangu siku hiyo, chakula kikikaa tumboni naona kama nimekaa na wizi."

"Baba yako angefurahi ule!"

"Najua. Nikiwa sijala, najua. Nikishakula, sijui tena."

Nilimkumbatia. Mbavu zake nilizihisi kwenye mikono yangu. Tulilia pale uani, nguo safi zimetapakaa chini.

Alipotulia akanishika kidole, kama mtoto mdogo anapovushwa barabara.

"Usimwambie shangazi. Usimwambie mtu. Niapie."

"Kinda..."

"Niapie, mama mdogo! Wakijua shuleni nitakufa. Niapie, na mimi nitaacha."

Niliapa. Ningeapa chochote mchana ule. Naye aliniahidi ataacha, na najua aliahidi kwa moyo wake wote. Mlo uliofuata nilikaa naye mezani, tukazungumza habari za shule mpaka chakula kikashuka. Nikasema moyoni, tumepona.

Kabla ya wiki kwisha nikaitwa nyumbani kwa kaka mkubwa wa marehemu, ambaye Kinda humwita baba mkubwa. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache, tai shingoni hata siku ya mapumziko. Wifi alikuwepo. Kinda naye alikuwa ameletwa moja kwa moja kutoka shule, begi bado mgongoni.

"Shemeji," aliniambia, "hatukukuita kwa ugomvi. Dada yangu anasema mtoto ananyimwa chakula. Wewe unasemaje?"

"Si kweli, shemeji."

"Mbona amekonda?"

Nilimtazama Kinda. Alinitazama. Macho yake yalikuwa yakiniomba yale yale ya uani.

"Majonzi," nikasema.

Wifi akacheka kicheko kikavu. "Majonzi! Sisi sote tumefiwa, mbona sisi tuna mashavu?"

Baba mkubwa akamgeukia mtoto. "Kinda, sema ukweli, usimwogope mtu. Mama yako mdogo anakupa chakula?"

Nilikuwa na utulivu wa mtu asiye na hatia. Nilijua atasema ndiyo, tutanyanyuka, tutakwenda zetu nyumbani.

Kinda akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama begi lake.

"Hanipi," akasema.

Sikuelewa. Kwa kweli sikuelewa neno lile jepesi.

"Unasema?" baba mkubwa aliuliza.

"Hanipi chakula. Ananipa kidogo tu. Shangazi anasema kweli."

Wifi akalipuka. Siwezi kuandika yote aliyoyasema, gazeti hili linasomwa na watoto. Mimi nilikuwa namtazama Kinda tu. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye begi na hakuyafuta. Alikuwa amechagua. Kati ya siri yake na mimi, alinitoa mimi kafara.

"Shemeji, jitetee," baba mkubwa aliniambia. Ninamshukuru mpaka leo, alisubiri kweli.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Sentensi moja ingenisafisha. Ila niliapa, na aliyeniapisha alikuwa mbele yangu, begi limelowa machozi.

"Sina la kusema," nikajibu.

Alikwenda kukaa kwa shangazi yake siku ile ile. Wifi alikuja na gari la kukodi kuchukua nguo. Kinda hakushuka garini. Niliweka kile kikopo cheupe katikati ya soksi zake, nikamnong'onezea dirishani:

"Paka baada ya kula. Na usikitoe ulichokula, mwanangu. Chakula kikae."

Kioo cha dirisha kikapanda.

Mtaani habari zilifika kabla sijafunga mlango. Jirani aliyekuwa akiniazima pasi akaacha kuniazima. Mwingine alivusha wanawe upande wa pili wa barabara, kana kwamba njaa inaambukiza. Nilikwenda kazini, nilirudi, nilikaa kwenye kiti cha Kinda nikitazama sahani yangu. Nami chakula hakikuniteremka.

Siku moja, Mkono Mwepesi aliniona namimina maji nje ya kikombe. Akazima mashine.

"Binti anaendeleaje?"

Nilimweleza yote. Familia, uongo, kiapo. Nilitegemea aniambie pole. Alivua barakoa, uso umekunjamana.

"Mama Pamba, umenyamaza?"

"Niliapa."

"Unadhani mimi ninalilia meno? Meno nitayatengeneza hata akiwa bibi kizee. Mtu anayetapika hivyo anamwaga chumvi za mwili. Chumvi hizo ndizo zinazouendesha moyo. Zikipungua sana, moyo unakosa mwendo. Unaelewa ninachokwambia?"

"Daktari..."

"Hiyo siri si ya kutunza. Angekuchukia, sawa. Angekuchukia akiwa hai. Vua hilo koti uende sasa hivi!"

Sikuvua hata koti. Nilitoka mbio na glavu mkono mmoja.

Nilikuwa sijafika kituo cha basi simu yangu ikalia. Ni wifi. Tangu amchukue mtoto hakuwa amenipigia.

"Uko wapi, muuaji?"

"Wifi, kuna nini?"

"Ameanguka shuleni! Yuko hospitali! Na ulichomwekea kwenye nguo zake nimekiona. Njoo uwaeleze madaktari umemlisha nini!"

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka ukumbi mrefu wenye harufu ya sabuni, na wifi amesimama katikati yake na kile kikopo cheupe mkononi, amekiinua juu ili kila mtu akione.

"Huyu hapa! Huyu ndiye! Daktari, mkamate huyu!"

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke kijana, kalamu kwenye nywele. Nyuma yake kulikuwa na pazia la kijani, na chini ya pazia niliona magurudumu ya kitanda.

"Anaendeleaje?" niliuliza.

"Amezinduka, lakini hali si nzuri. Potasiamu yake imeshuka sana, moyo unapiga ovyo. Wewe ni nani kwake?"

"Mama yake mdogo."

"Mama gani!" wifi alifoka. "Muulize hiki nini! Hakina jina, hakina maandishi! Kijidawa cheupe cha kuulia watu!"

Daktari akakichukua, akakinusa, akagusa kidogo kwa kidole.

"Ni nini hiki?"

"Dawa ya meno," nikasema. "Ni madini tu, kalisi na fosfeti. Nafanya kazi kliniki. Mpigie daktari wangu, atakuthibitishia. Ni ya meno yaliyoisha gamba, yanayouma kwa baridi."

"Msichana wa umri huu? Kwa nini gamba la meno liishe?"

Kumbe ndilo swali lenyewe. Kikopo kile sikuweza kukieleza bila kumweleza Kinda.

Nilitazama pazia. Halikutikisika. Nikapiga moyo konde.

"Kwa sababu anajitapisha," nikasema. "Tangu baba yake afe. Akila, anatapika. Asidi imekula meno yake kwa nyuma. Aliniapisha nisiseme. Chakula nilimpa, daktari, Mungu ananiona. Nilimpa, na hakikukaa."

Daktari hakushangaa. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata kipande alichokuwa akikitafuta. "Hilo linalingana na damu yake. Ungesema mapema."

"Najua."

Nilijikaza kumsubiri wifi. Nilitegemea kofi, nilitegemea aniite mwongo. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Hakufanya lolote. Alirudi nyuma mpaka akagusa benchi, akakaa kwa kishindo. Mikono yake, ile inayopitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kutazama, ilikuwa ikikunja na kukunjua pindo la nguo yake.

"Wifi?" nikamwita.

"Hata mama yake," akasema.

"Mama yake nani?"

"Mama yake Kinda. Mke wa kwanza wa kaka. Naye alikuwa hivyo hivyo."

Daktari akageuka. Mimi nikashika ukuta.

"Nilidhani ana mimba," wifi aliendelea, hatazami mtu. "Kila mara namsikia bafuni. Nikamtania, unatuletea mwingine? Akalia. Akaniambia. Nikamwambia aache, basi, kama vile ni kuacha kuvaa kiatu kinachobana. Sikumwambia mtu. Asubuhi moja hakuamka. Kaka akasema tuwaambie watu ni moyo. Na kweli ulikuwa moyo."

"Na mume wangu alijua?"

"Alijua. Ndiyo maana alikuwa anapenda kumwona mtoto akila. Hukumbuki? Alikuwa anamkatia nyama mwenyewe."

Nilikumbuka. Nilidhani ni mapenzi tu.

"Nilipoushika ule mkono Jumapili ile kwako, nilijua," wifi alisema, na sasa alinitazama. Sura yake ilikuwa imezeeka tangu nilipoingia. "Nilijua, wifi. Nikaogopa. Nilivyoogopa, nikaona heri niseme ni wewe. Ukiwa ni wewe, ningemchukua tu, angepona. Ungekuwa ni wewe, ningelala."

Sikuwa na hasira. Niliitafuta sikuipata. Nilikaa kando yake kwenye benchi, akaegemeza kichwa chake kwenye bega langu, mwanamke ambaye hakuwahi kunywa chai kwangu.

"Tutamwambia vipi?" aliuliza. "Hajui. Alikuwa mdogo sana. Tulimwambia mama aliugua tu."

"Tutamwambia akipata nguvu. Tutamwambia wote wawili."

"Tafadhali, teremsheni sauti," daktari alisema ghafla. "Pale ni..."

Hakumaliza. Pete za pazia zilikwaruza juu ya bomba.

Kinda alikuwa amesimama peku, gauni la hospitali linamwelea, mkono mmoja umeshika ule mti wa kutundikia dripu. Midomo yake ilikuwa mikavu. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, lakini kwa macho yake nilijua ilitosha.

"Mwanangu, rudi kitandani," nilisema nikinyanyuka.

Hakunisikia, au hakutaka. Alikuwa anamtazama shangazi yake.

"Kwa hiyo na mimi," aliuliza polepole, "na mimi kuna siku sitaamka?"

Wifi akaficha uso kwenye mikono. Kinda akanigeukia mimi. Alingoja. Nilifungua mdomo nimwambie hapana, si wewe, kamwe, mimi nikiwepo.

Magoti yake yakaachia. Ule mti ukaanguka kabla yake. Daktari akaruka, akapiga kelele kuita wenzake, wakaja wawili wakikimbia, wakamwinua, wakatusukuma nje ya ukumbi bila kututazama usoni.

Mlango ukafungwa. Nilibaki upande wa pili nimesimama na koti langu la kazi, na ile "hapana" yangu sijaitamka.